Herufi ndogo zisizokuwa zile zile

toLowerCase(), amri ya lugha ya programu ya Java inayogeuza herufi kubwa kuwa ndogo, inanikera mno. Ukiiita bila kuitajia lugha, inafuata lugha iliyowekwa kwenye kompyuta husika. Sasa Kituruki, tangu alfabeti yake ya Kilatini ya mwaka 1928, kina i mbili: yenye nukta na isiyo na nukta, na I kubwa isiyo na nukta, ndogo yake ni ı isiyo na nukta. Kwa hiyo kompyuta iliyowekwa Kituruki inaigeuza "TITLE" kuwa "tıtle", na programu inayotafuta "title" haioni kitu. Data ipo, lakini ni kama haipo!

Nilipoteza siku mbili nzima kwa jambo hili. Mteja alikuwa Istanbul analalamika, na kwangu kila kitu kinakwenda sawa. Nukta moja iliyokosekana, saa sita usiku, macho yamechoka, utaionaje?

Kituruki hakina kosa, wenyewe ndivyo wanavyokiandika. Kinachoniudhi ni kwamba njia fupi, ile ambayo kila anayeanza huiandika, ndiyo yenye mtego. Kumbe toLowerCase(Locale.ROOT), isiyofuata lugha ya kompyuta yoyote, ingetosha. Walimu wa Java, nawaomba, ifundisheni hivyo tangu siku ya kwanza.