Boti Yenye Mlango wa Dharura

Kwanza niweke wazi jambo moja, maana pale Mwaloni Kirumba, soko letu la samaki hapa Mwanza, maneno yamekuwa mengi: mimi sijawahi kupaka rangi ndege inayoruka. Ninazopaka mimi zimo ndani ya kompyuta. Kuna programu za kurushia ndege ukiwa umekaa kitini kwako, Flight Simulator na wenzake, na watu duniani kote huunda humo ndege za zamani: Comet, DC-3, Fokker Friendship, VC10. Wao wanaunda bodi, sisi wapaka rangi tunaivisha. Unapewa picha ya bodi iliyobanduliwa na kutandazwa kama ngozi ya mbuzi iliyowambwa juani. Ubavu wa kushoto huku, wa kulia kule, mkia pembeni, na vifuniko vya injini vimesukumwa kwenye kona yoyote iliyobaki wazi. Unaijaza rangi za shirika unalolitaka, za mwaka unaoutaka, kisha programu yenyewe inaikunja na kuibandika ndegeni.

Kazi hii haina mshahara, ina ugomvi tu. Mtu yuko Uingereza huko, anakuandikia usiku wa manane kwamba mstari wako wa madirisha umekolea mno. Na ushahidi wake ni nini? Picha nyeusi na nyeupe, au slaidi iliyokaa kabatini tangu Mwalimu yuko Ikulu hadi weupe wake umeingia uwaridi. Tunagombania rangi iliyochujuka, na kila mmoja yuko tayari kuapa.

Wakati wa mkasa huu nilikuwa naishughulikia Super VC10 ya East African Airways. Wazee wanalikumbuka shirika hilo. Lilianza 1946, likawa mali ya Kenya, Uganda na sisi, likafa 1977, mwaka uleule Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Super VC10 zake zilianza kuingia 1966, na jumla zilikuwa tano: ndege ndefu, injini nne zote zimerundikwa nyuma, mbili huku mbili kule, mkia umenyanyuka na kubeba bawa dogo juu kabisa. Kwa kuwa mali ilikuwa ya ubia, usajili uligawanywa kama urithi wa marehemu: za Kenya 5Y, za Uganda 5X, zetu 5H. Zetu zilikuwa 5H-MMT na 5H-MOG, na hiyo MOG ndiyo VC10 ya mwisho kabisa kutoka kiwandani. Moja ya Uganda ilikuwa imeanguka Addis Ababa mwaka 1972. Shirika lilipokufa, nne zilizobaki zilirudi Uingereza, jeshi la anga likazigeuza kuwa za kubeba mafuta na kuzinywesha ndege nyingine hukohuko angani. MMT yetu ndiyo iliyoruka safari ya mwisho ya VC10, Septemba 2013. Sasa mtu ananiuliza kwa nini napoteza usiku wangu kwa ndege kama hiyo!

Basi nikaipaka MMT. Mstari, maandishi, nembo ya simba, milango, madirisha, ribiti moja baada ya nyingine. Kisha nikaja kwenye utamu wenyewe, yaani uchafu. Ndege ikiwa safi kabisa inaonekana ya plastiki, kama zile za kuning'iniza dukani. Lazima uitie moshi nyuma ya injini, michirizi ya mafuta tumboni, alama za mvua chini ya madirisha. Kwenye uchafu ndipo unapomjua fundi. Naomba huo uchafu muukumbuke.

Picha nilimwonyesha Baba Kulwa, jirani yangu, mwenye boti za dagaa. Tulikuwa tunakunywa chai kibandani. Nilikuwa nimeiegesha ile VC10 kwenye uwanja wetu wa Mwanza, ziwa linaonekana kwa nyuma, jua la jioni limepiga ubavuni. Akashika simu yangu, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Hii ndege umeipaka wewe?"

"Ndiyo, mzee."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Miezi kadhaa, usiku usiku."

Akatazama kulia na kushoto, akashusha sauti. "Usiku ili wasikuone?"

Nikamweleza habari ya kompyuta, mwanzo hadi mwisho. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akanikonyeza. Kufikia Jumapili, Kirumba nzima inajua kwamba kuna kijana anaingia uwanja wa ndege usiku na brashi.

Baba Kulwa alikuwa ametoka kuchongesha boti mpya, bado inanukia mbao, na alitaka ipakwe kama ile ndege. Nikamwambia mzee, hii ni ndege ile ni boti. Hapo ndipo mdomo wangu ulipoponza, kwa sababu nikaongeza, kwa kujionyesha tu, kwamba hata hivyo Februari 1931 shirika la Imperial Airways lilianzisha safari ya kila wiki kutoka London hadi hapahapa Mwanza, na kipande cha kutoka Khartoum walitumia Short Calcutta, ndege inayotua majini kwa tumbo lake lililoundwa kama boti.

"Ehe!" akapiga meza, chai ikamwagika. "Kumbe ndege ni boti iliyopata bahati. Sasa unanikatalia nini?"

Nikakubali kumpa mchoro, si zaidi. Na kwa kuwa nilipata safari ya ghafla ya msibani Shinyanga, nilimwachia flashi mwanawe, Kulwa, akachapishe steshenari. Ndani ya flashi mlikuwa na faili kadhaa za kazi hiyohiyo. Moja niliipa jina TAYARI_KABISA.

Hapa lazima nieleze kidogo. Flight Simulator ya 2006 inataka picha za namna fulani zihifadhiwe zikiwa zimepinduliwa, juu chini. Si kuzungushwa, kupinduliwa, kama kivuli cha mlima kinavyoonekana ziwani. Kwa hiyo ukimaliza kupaka unaipindua, na ile iliyopinduliwa ndiyo iliyo tayari. Ndiyo maana iliitwa TAYARI_KABISA. Kulwa aliona faili zenye majina kama mkia_jaribio na simba_mpya, akaona na hiyo moja. Kijana ana akili zake timamu, kamaliza kidato cha nne, angechagua ipi? Mpaka leo wanataka niseme kosa ni langu, na mpaka leo nakataa.

Wakaichapisha vipande vipande, wakaviunga kwa gundi ya karatasi, wakampelekea fundi wa maandishi. Huyu fundi ni bingwa. Nusu ya boti zinazotoka pale kwenda Ukerewe zimeandikwa na mkono wake, na "Mungu si Athumani" yake huwezi kuifananisha na ya mtu mwingine. Ana kanuni moja: anachokiona ndicho anachokiandika. Kizungu hakimhusu.

Siku ya kwanza alishughulikia ubavu wa kushoto. Alipotandaza karatasi akaona simba yuko miguu juu. Akasema hapana, simba hawezi kulala hivi mbele ya watu, akaizungusha karatasi mpaka simba akasimama. Simba alisimama vizuri tu. Ila maandishi yaliyopinduliwa, ukiyazungusha, yanasomeka kinyumenyume, kutoka kulia kwenda kushoto. Siku ya pili fundi aliamka na homa, akamtuma mwanafunzi wake amalizie ubavu wa kulia. Mwanafunzi hana habari ya heshima ya simba. Alipaka karatasi ilivyolala.

Niliporudi nilipigiwa simu nikiwa bado stendi. "Njoo Mwaloni. Njoo sasa hivi."

Nilisikia kicheko kabla sijaona maji. Boti imevutwa mchangani, watu wameizunguka, akina mama wa dagaa wameacha beseni zao juani. Nikapenya. Ubavu wote umejaa madirisha ya duara dufu, yamepangwa kwa rula, kila moja na kimstari chake cheupe cha kuonyesha kioo. Katikati mlango wa abiria, wenye kitasa. Mbele yake mlango wa dharura, na maneno yake ya Kizungu yamegeuka kama yameandikwa na mtu aliye ndani ya mbao. Karibu na mahali pa kupachika mashine, maduara mawili makubwa meusi: injini za Rolls-Royce. Ribiti zilianza kwa ari kubwa kule mbele, vitone vidogo vidogo kwa ncha ya kijiti, zikafika dirisha la tisa au la kumi zikakoma. Baadaye niliambiwa fundi alisema ribiti ni hela nyingine.

Na juu ya yote, uchafu. Fundi alichanganya nyeusi na tina, akaloweka kitambaa, akaipitisha michirizi yangu yote kwa uaminifu wa kutisha: moshi nyuma ya injini, mafuta tumboni, machozi ya mvua chini ya kila dirisha. Boti haijalala majini hata usiku mmoja, inaonekana imeopolewa chini ya ziwa.

Baba Kulwa alikuwa amekaa juu ya ndoo. "Shikamoo, mzee." Hakuitika haraka.

"Marahaba. Mwanangu, madirisha nimeelewa. Mlango nao, sawa, wavuvi wataingilia juu kama kawaida. Kuandika kinyume, nasema labda ndiyo mtindo wa ndege. Lakini uchafu? Nimelipa hela nikapakwa uchafu?"

Mwanafunzi wa fundi akajitetea. Akasema ubavu wake yeye hauna kosa, tuisukume boti majini tuone. Ikasukumwa. Ilikuwa kabla ya upepo wa mchana, maji yametulia. "Inameni," akasema. Tukainama. Ndani ya maji, EAST AFRICAN imenyooka, simba amesimama, hata 5H-MMT inasomeka bila taabu. Watu wakaanza kupanga foleni ya kuinama. Mzee mmoja aliyewahi kusafiri na East African alisema ndiyo yenyewe kabisa, akainama tena kuhakikisha, akaingia ziwani na kofia yake.

Wiki hiyohiyo akaja afisa wa kuandikisha vyombo. Akasimama upande wa kushoto, ule wa kinyume, akatazama muda mrefu.

"Hii imeandikwa hivi kwa nini?"

Baba Kulwa, mtu ambaye hakwami, akasema, "Kama gari la wagonjwa, afande. Aliye mbele asome kwenye kioo."

"Mitumbwi ya mbele ina vioo?"

"Itakuja kuwa navyo."

Nikajitosa kueleza. VC10, jeshi la anga la Uingereza, picha iliyopinduliwa. Afisa akaniuliza kama mimi ndiye yule wa uwanja wa ndege usiku. Nikanyamaza. Akasema jina la chombo ni lile lililoandikwa kwenye chombo, yeye hakuja kusoma maji. Akatoa kalamu, akanakili herufi moja moja, ulimi umetoka pembeni: NACIRFA TSAE. Akagonga muhuri. Kulibadilisha, akasema, ni maombi mapya na ada mpya.

Ada mpya Baba Kulwa hataki kuisikia. Michirizi aliifuta kwa tina na msasa, madirisha akayaacha kwa sababu wanunuzi wa dagaa wanaitambua boti kutoka mbali. Jina nalo likabaki. Wavuvi walijaribu kulitamka siku mbili tatu, nusu ya pili wakaitupa, nusu ya kwanza wakailainisha ikakaa kinywani. Sasa ni Nasirifa.

Hapo ningekuwa nimepona, kama si simu za Baba Kulwa. Anapiga kwa sauti, yuko sebuleni kwake, usiku. "Nasirifa amelala wapi leo? Ukerewe? Mwambieni arudi mapema." "Nasirifa nimemnunulia taa mpya, zile za sola, asilalamike." "Huyo Nasirifa hashibi mafuta, lakini akiamua kunipa, ananipa."

Juzi asubuhi nikasikia hodi. Mama Kulwa, kanga mbili, mkoba kwapani.

"Shikamoo, mama. Karibu ndani."

"Marahaba. Sikai. Nimeambiwa wewe ndiye uliyemleta Nasirifa."

Nikacheka kwa nafuu. Nikasema mama, Nasirifa ni boti. Akasema ndivyo mumewe naye alivyomwambia, neno kwa neno, na ameshangaa tumepangaje mpaka majibu yanafanana. Nikaona maneno hayatoshi. Nikawasha kompyuta, nikafungua ile picha ya mwanzo, VC10 kwenye uwanja wa Mwanza na jua lake la jioni, nikamwambia haya tazama mwenyewe, jina lote limetokea hapa.

Mama Kulwa akainama kwenye skrini. Akatazama ndege, akatazama ngazi niliyoiegesha mlangoni pake, akanigeukia mimi.

"Kumbe na ndege anampandisha!"