Lango Lililojipigia Hodi

Lango la API, yaani la njia ambayo programu huzungumza na huduma zetu, ni bawabu. Ombi linafika, analitazama njia yake, analipeleka linakohusika: /oda/ kwa huduma ya oda, /malipo/ kwa huduma ya malipo. Bawabu wetu alikuwa Nginx, programu ya seva ya wavuti, na usanidi niliomwandikia haukufika mistari thelathini. Mmoja, unaopeleka maombi ya oda, ndio ulioniumbua:

proxy_pass http://127.0.0.1:8080;

127.0.0.1 ni anwani ambayo kompyuta hujiita yenyewe, 8080 ni poti, mlango wake wa mtandao. Kwenye laptopu mstari huo haukuwa na neno. Lango lilisikiliza poti 80, huduma ya oda 8080, kila mtu na chumba chake. Tukahamia kwenye makontena, ambako kila programu hukaa kwenye kasha lake. Huko lango haliendeshwi na root, mtumiaji mwenye mamlaka yote ambaye kwa kawaida ndiye hufungua poti ndogo kama 80, kwa hiyo nikalihamishia poti 8080. Na ndani ya kontena, 127.0.0.1 ni kontena lenyewe. Yaani nilimwagiza bawabu: mgeni wa oda akija, mpeleke 8080. Na 8080 ni yeye!

`nginx -t`, amri ya kujaribu usanidi, ikasema sintaksia iko sawa. Haikudanganya, hukagua sarufi, akili haikagui. Ubao wa uangalizi nao kijani kitupu, kwa sababu /afya, njia ya kuulizia kama huduma ni nzima, niliiandikia `return 200`, yaani "salama", palepale langoni. Mgonjwa anajuliwa hali, anayeitikia ni bawabu.

Ombi la kwanza likarudi na 500, kosa la seva. Logi ya makosa: `512 worker_connections are not enough`. Miunganisho 512 imekwisha, na mtumiaji ni mmoja, tena ni mimi. Badala ya kujiuliza, nikaipandisha idadi hiyo hadi 4096 na kupakia upya. Kosa likageuka kuwa 400. Nikamwandikia mwenzangu anayetengeneza programu ya simu, kifua mbele: "Kaka, seva imepona. 400 maana yake ombi lako ndilo bovu. Kagua huko kwako."

Akakagua saa nzima, maskini.

Mimi nikafungua logi ya maombi nimwonyeshe ushahidi. Ombi moja, mistari mia saba na ushee. Mstari wa juu umejaa 127.0.0.1, 127.0.0.1, 127.0.0.1 mpaka macho yanauma. Unaofuata umepungua anwani moja, unaofuata moja tena, kama ngazi. Nginx huandika mstari ombi linapomalizika, kwa hiyo mzunguko wa ndani kabisa ndio ulioandikwa kwanza. Kila ombi lilipojirudia, `$proxy_add_x_forwarded_for` iliongeza anwani kwenye heda ya X-Forwarded-For, maelezo ya ombi yanayotaja lilikopitia, baiti 11 kila safari, na heda moja hairuhusiwi kupita bafa, nafasi yake ya kumbukumbu, ya kilobaiti 8. Hapo ni kama mizunguko 740, ndipo 400 inapozaliwa. Mwanzoni haikufika huko kwa kuwa kila mzunguko hula miunganisho miwili, wa kupokea na wa kupeleka. Kwa prosesi moja, 512 ziliishia kwenye mzunguko wa 250 hivi. "Marekebisho" yangu yalimwongezea bawabu uwanja wa kuzungukia tu.

Kinachouma zaidi: ningeweka mkwaju (/) baada ya 8080, /oda/ ingekatwa kwenye safari ya kwanza, na safari ya pili ingegonga 404, "haipatikani", papo hapo. Nilikuwa nimeuondoa kwa makusudi, ili njia ifike nzima.

Nikaandika `http://oda:8080`, jina la kontena kwenye mtandao wao, na afya ya oda nikaielekeza kwa oda mwenyewe. Kisha ujumbe mfupi:

"Kaka, jaribu tena."

"Imekubali. Sijagusa kitu. Lile ombi langu bovu limeponaje?"

Nikazima data.