Zilikuwa tano, si nne

Mwandishi wa makala ninayoijibu anasema mfumo wa timu za kanda katika raga ya kulipwa Wales, yaani timu zinazowakilisha eneo zima badala ya klabu ya mji mmoja, ulianza 2003 na timu nne. La hasha, zilikuwa tano. Ya tano ni Celtic Warriors, iliyounganisha Pontypridd na Bridgend, miji miwili ambayo mashabiki wake hawakuwa wakipikika chungu kimoja.

Na haikuwa timu dhaifu! Ilimaliza ya nne kwenye Ligi ya Celtic, ligi ya timu za Wales, Ireland na Scotland, na katika Kombe la Heineken, kombe la klabu za Ulaya, iliwafunga Wasps wa Uingereza nyumbani kwao, Wasps haohao waliobeba kombe msimu huo. Baada ya msimu mmoja tu, 2004, chama cha raga cha Wales kikaivunja, pesa ndiyo sababu iliyotajwa. Wachezaji wakatawanyika: Gareth Thomas alikwenda Toulouse ya Ufaransa, Gethin Jenkins Cardiff, Ryan Jones Ospreys, hizi mbili zikiwa timu nyingine za kanda za Wales. Mwaka uliofuata wote watatu walikuwemo Wales ilipotwaa Grand Slam, yaani kushinda mechi zake zote za Mataifa Sita, Thomas akiwa nahodha mwanzoni mwa mashindano.

Kwa hiyo anayeniambia kupunguza timu ndiko kulikoleta ushindi ule, namuuliza: wachezaji hao walitoka wapi? Mabonde ya kaskazini mwa Cardiff yamebaki bila timu ya kanda ya kuita yao, na mwandishi hakuwataja watu wa huko hata kwa mstari mmoja.