Tunampigia fundi wa Kariakoo

Mwandishi mmoja anasema programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuutumia, hazina mwenyewe, ukikwama hakuna wa kumpigia simu, kwa hiyo ofisi zinunue za kulipia. Mimi hapa Dar sijaona ofisi ndogo iliyopiga simu Microsoft. Tunampigia fundi wa Kariakoo, naye anakuja na flashi yenye Windows iliyochakachuliwa, haipokei masasisho, virusi ndani. Hiyo ndiyo inayoshindana na Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, mtaani kwetu, jamani, si ile yenye leseni!

Kuhusu usalama, virusi vya WannaCry vya Mei 2017, vilivyofunga mafaili na kudai fidia, vilipitia Windows, yenye mwenyewe tajiri. Huria nazo zina madoa: hitilafu ya usalama iitwayo Heartbleed ilikaa ndani ya OpenSSL, programu huria ya kulinda mawasiliano ya mtandaoni, kama miaka miwili hadi 2014, msimbo uko wazi kwa dunia nzima na hakuna aliyeiona. Kuwa wazi si kukaguliwa.

Wizara yetu ya Afya inakusanya takwimu kwa DHIS2, programu huria ya Chuo Kikuu cha Oslo, na kazi zinakwenda.

Lawama moja naikubali: faili la Word ukilifungua kwenye LibreOffice, programu huria ya kazi za ofisi, majedwali yanaweza kuhama, na bosi hataki maelezo.