Chungu kimoja, pesa mbili: hesabu ya meza ya Noeli Lubumbashi

Tarehe 24 Desemba mchana, kwa yaya wangu (dada yangu mkubwa) kule Katuba, mtaa wa Lubumbashi, kusini mwa Kongo (DRC), kuku watatu walikuwa wamelazwa chini ya mwembe, miguu imefungwa kwa kitambaa, na juu yao watu wawili wanabishana bei. Yaya anauza samaki soko la Kenya, mtaa mwingine wa mji wetu, na pesa yake ni franka ya Kongo. Shemeji, mume wa mdogo wetu, ni fundi katika kampuni inayohudumia migodi, na pesa yake ni dola. Kuku alinunua yeye, kwa hiyo alikuwa na haki ya kulalamika: Noeli ya 2025, alisema, ndiyo ghali kuliko zote alizowahi kulipia tangu aoe kwetu. Yaya hakugeuka hata kumtazama. Aliendelea kutwanga sombe (majani ya muhogo), kisha akauliza:

"Shemeji, wakati dola ilikuwa inapanda, ulilia?"

Tulicheka, naye akacheka, lakini kwa upande. Nimeirudia hesabu yao mara kadhaa tangu siku ile, na bado naona wote wawili walisema kweli, ingawa walikuwa wanakwenda kula chungu kimoja.

Kwa asiyeishi kwetu, kisa kilikuwa hivi. Tulikuwa tumezoea dola moja kuwa franka 2,800 na zaidi. Halafu, kati ya Septemba na Oktoba 2025, Benki Kuu iliuza dola sokoni, na katika wiki chache tu dola ikashuka chini ya 2,400. Jambo hilo watoto wetu hawajawahi kuliona. Wamekua wakijua kwamba dola huenda upande mmoja tu. Makambisti, yaani wabadilisha pesa wa barabarani, wenye meza zao ndogo na mabunda yaliyofungwa raba, walikuwa wakiangalia simu kila dakika kama watu wanaosubiri matokeo ya mpira.

Sasa mchukue shemeji. Tuseme kila mwaka anaweka dola 100 kwa ajili ya meza ya Noeli. Kwa 2,800 alikuwa anaingia sokoni na franka 280,000. Kwa 2,300 anaingia na 230,000. Franka 50,000 zimeyeyuka kabla hajagusa kitu, na mshahara wake haujaongezwa hata senti. Kama bei za sokoni zingeshuka kwa kipimo kilekile, asingehisi chochote. Hazikushuka hivyo. "Dola ilishuka, bintu habiyashuka" (vitu havijashuka), ndivyo watu walivyokuwa wanaambizana ndani ya basi mwezi mzima wa Oktoba.

Mchukue yaya pia. Yeye anapata franka na analipa kodi ya nyumba kwa dola, kama wapangaji wengi wa mji huu. Kodi ileile sasa anailipa kwa franka chache zaidi. Na mwezi wa kwanza, kwenye shule ya binafsi anakosoma mwanawe wa mwisho, minervali, yaani karo, nayo inahesabiwa kwa dola. Kwake yeye Noeli hii ilikuwa na nafasi ya kupumua, hata kama bei ya kitu chochote mezani haikubadilika. Ndiyo maana nasita ninaposikia mtu anasema "chakula cha sikukuu kimepanda" au "kimeshuka" bila kuuliza mlaji analipwa kwa pesa gani.

Lakini swali lenyewe la bei bado lipo: kwa nini vitu havikufuata dola? Hapa shemeji ana shitaka, na mshitakiwa mmojawapo ni yaya.

Samaki anaouza yaya ni tomson, wale ambao Wafaransa huwaita chinchard. Hakuna samaki aliyesafiri kama tomson. Wengi wao huvuliwa baharini Namibia, hugandishwa, hupakiwa kwenye malori, huvuka Zambia nzima na kuingia kwetu kupitia Kasumbalesa, karibu kilomita 100 kutoka Lubumbashi. Njiani kuna mafuta, kuna baridi ya kontena inayotaka mafuta mengine, kuna ushuru, kuna foleni ya mpakani inayoweza kula siku kadhaa. Mwenye depo hulipa vyote hivyo kwa dola, kisha humuuzia yaya katoni kwa franka. Mwezi wa kumi yaya alikuwa na katoni alizonunua kwa bei ya dola ya juu. Angeshusha, angeuza kwa hasara. Aliporudi depo kununua nyingine, aliambiwa na wao stoki yao ni ya zamani.

Hoja ya stoki ya zamani ni ya kweli kwa wiki mbili au tatu. Samaki wa barafu hakai milele. Baada ya hapo inakuwa kisingizio, na hapa nasimama na shemeji. Dola ikipanda asubuhi, saa sita mchana bei imeshapanda, na hakuna anayekumbuka kwamba bidhaa ya dukani ilinunuliwa kwa bei ya jana. Hata hivyo mfanyabiashara naye ana kumbukumbu. Mwaka 2023 peke yake dola ilitoka karibu 2,000 ikapita 2,600. Aliyeshusha bei kwa haraka katika nchi ya namna hiyo alijikuta hana mtaji wa kurudi mpakani. Anabaki na bei ya juu kama mtu anayetembea na mwavuli siku ya jua: anajua mwezi wa mvua ulivyomfanya. Serikali ilituma wakaguzi wa uchumi kuwabana wenye depo. Wengine walishusha kidogo. Binafsi sina imani kubwa na bei inayoshuka kwa sababu mkaguzi amesimama mlangoni, maana akiondoka huwa inarudi, na wakati mwingine bidhaa yenyewe hufichwa. Ila bila kelele ile, sidhani hata hicho kidogo kingepatikana.

Tuje kwenye unga, maana hapa ndipo nadhani wengi wamekosea hesabu.

Meza ya Noeli ya kwetu inaweza kukosa kuku, inaweza kukosa soda, bukari, yaani ugali, haikosekani. Hata wenye kupika mchele kwa heshima ya siku, jioni utawakuta wanasonga, kwa sababu kuna baba mmoja amekaa pembeni anasema hajala. Na unga wa bukari ya Lubumbashi kwa sehemu kubwa hauko mikononi mwetu. Ni mahindi ya Zambia. Tarehe 29 Februari 2024 Rais wao, Hichilema, alitangaza ukame kuwa janga la taifa. Karibu hekta milioni moja za mahindi, kati ya milioni 2.2 zilizopandwa, zilikuwa zimeharibika. Lusaka ikafunga mkono, nasi tukaanza kuhesabu meka. (Meka ni kopo la kupimia sokoni, na mwenye kuuza hujua kuligonga chini au kutoligonga.) Mwezi wa Agosti mwaka huohuo nchi yetu ilizuia vinywaji vya Zambia, vijana wa Kasumbalesa wakaandamana, Zambia ikafunga mpaka kwa siku chache. Siku chache tu, na mjini watu walikuwa tayari wanagombania magunia.

Basi Noeli ya 2024 ilikutana na hali hiyo. Mwaka uliofuata mvua ilinyesha Zambia vizuri na mavuno ya 2025 yakapita tani milioni tatu na nusu, zaidi ya mara mbili ya mwaka wa ukame. Unga ukapumua. Miezi michache baadaye franka nayo ikapanda. Vitu viwili vikaingia mwaka mmoja, na kwa kuwa kimoja kilitangazwa redioni na kingine kilitoka mawinguni, sifa zote zilikwenda kwa franka. Mimi nasema sehemu kubwa ya nafuu iliyokuwepo kwenye bukari ya Noeli hii ilitokana na mvua ya jirani. Nasema hivyo kwa sababu dawa zake ni tofauti. Benki Kuu inaweza kutetea franka. Haiwezi kunyeshesha mvua Kabwe, kule Zambia.

Na kuna jambo ambalo hatulizungumzii kabisa: Noeli huja kwetu katika miezi mibaya ya mahindi. Tunavuna kuanzia Aprili hadi Juni. Ikifika Desemba maghala yanapungua, mashamba ndiyo kwanza ya kijani, na sisi tumeamua huo ndio wakati wa kualika watu ishirini. Wazee wa zamani hawakuliona sana hili kwa sababu kampuni za migodi, Union Minière na baada yake Gécamines, zilikuwa zinawagawia wafanyakazi posho: unga uliingia nyumbani kwa mgongo wa baba, haukuingia kwa bei. Siku hizo zilianza kufifia zamani, na mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa mkupuo. Tangu hapo bei ya unga ni habari ya mtaa. Tumejaribu mengine: enzi za Katumbi, gavana wa Katanga, kampuni za migodi ziliambiwa kila moja ilime hekta 500, baadaye tukaonyeshwa mahindi ya mashamba ya serikali ya Kaniama-Kasese. Malori ya Kasumbalesa hayajapungua.

Wapo wanaosema tatizo si dola wala Zambia, ni sisi na tamaa zetu. Hoja hii huletwa sana na watu wa makamo, na husikika vizuri kanisani. Wanasema: Desemba msitu umejaa uyoga, matembele yapo kila uani, kinywaji cha munkoyo hutengenezwa nyumbani kwa mizizi na mahindi, nani aliwatuma kununua soda za makreti na kuku wa barafu aliyetoka Brazili? Kuna ukweli hapo. Nilipoangalia karatasi ya matumizi ya yaya, kilichokula pesa nyingi baada ya kuku ni vinywaji, na nusu ya vinywaji hivyo vilinyweka na wageni waliokuja kusalimia tu.

Lakini siikubali yote. Sikukuu ni sikukuu kwa sababu siku ile unakula kisicho cha jana. Mtoto aliyekula matembele tangu Januari ukimwekea matembele tarehe 25, hutamfundisha uzalendo, utamfundisha kwamba majirani wana Noeli na yeye hana. Tena hao wa "vya kienyeji" hawajaenda sokoni hivi karibuni. Uyoga ukishafika mjini si chakula cha maskini tena. Vinkubala vikavu, wale viwavi wa kuliwa, ndiyo usiseme. Na kuku wa kijiji huuzwa ghali kuliko yule wa barafu aliyevuka bahari. Ndiyo maana shemeji alikuwa anapiga kelele chini ya mwembe.

Kisha kuna makala, yaani makaa ya kupikia. Nikitaka kuwanyamazisha wote, wa dola na wa Zambia na wa tamaa, huwataja makala. Hayavuki mpaka, hayalipiwi ushuru wa dola, hayana uhusiano na Brazili. Yanachomwa kwenye misitu yetu, kila mwaka mbali zaidi, yanakuja kwa baiskeli na kwa malori. Desemba barabara ni tope, baiskeli inakwama, umeme unakatika siku ambayo kila nyumba inapika, na gunia linapanda bila kuuliza dola iko ngapi. Katika meza nzima ya Noeli ni kitu kisicholiwa, na kwa yaya kilikuwa gharama ya nne.

Mshahara wa chini wa siku, ambao tangu 2018 ulikuwa franka 7,075, ulipandishwa mwaka 2025 hadi 14,500. Kwenye karatasi, anayelipwa hivyo amefanya Noeli yake kwa nusu ya siku za kazi alizohitaji zamani. Ila waliokaa kwenye mkeka ule wa Katuba nilipowahesabu, anayelipwa kwa sheria hiyo alikuwa mmoja. Wengine ni wauzaji, madereva wa pikipiki, mafundi wa kuitwa.

Tulikula saa kumi. Kuku watatu kwa watu ishirini na wawili, tomson wa yaya, sombe, mchele kidogo, bukari nyingi. Kama kila moja ya nyumba zetu nne zilizokutana pale ingepika peke yake, kungekuwa na majiko manne ya makala na huenda kuku wanne, na hakuna ambaye angeonja samaki. Ubishi ulirudi baada ya chakula, wakati wa kupanga likelemba, mchango wetu wa kuweka akiba pamoja, ya Noeli ya 2026. Shemeji sasa anataka tuweke kwa franka, kwa kuwa dola imemwangusha. Mdogo wetu anataka dola, kwa kuwa anaamini itarudi juu. Yaya alisema hawekezi kwa pesa yoyote ya hao: mwezi wa sita, mahindi yakiwa mapya, tununue magunia manne, tuyatie dawa ya wadudu, tuyatunze, na Desemba tuyapeleke mashineni wenyewe.

Kila mtu alikubali kwa haraka isiyo ya kawaida. Kisha mtu akauliza yatalala wapi. Chumba kikavu kisicho na panya tunacho kimoja tu katika ukoo, kwa shemeji, na ndani yake kuna kijana wake mkubwa mwenye miaka ishirini na mitatu ambaye hajapata kazi. Hadi natoka, bado walikuwa wanajadili kama atahama yeye au yatahama mahindi.