Ndoo tu, jamani!

Kugema mti wa mepuli (maple, ule wa nchi za baridi wenye utomvu mtamu) hakunisumbui hata kidogo. Baridi ikikaribia kuisha, usiku barafu, mchana kajua kidogo, unatoboa shina na utomvu unadondoka wenyewe. Kero ni ndoo! Utomvu huo ni mwepesi kama maji (mgema wa huku hata akisifiwa hana haja ya kulitia maji), na lita 40 hivi ukizichemsha ndipo upate lita moja ya shira. Sasa hizo 40 niziweke wapi, mfukoni?

Nimezunguka hapa Vermont, Marekani, mpaka nimechoka. Maduka ya vifaa vya ujenzi yana ndoo nzuri, bei poa, ila nyingi si za chakula. Unageuza kitako, unaona pembetatu na namba 2, roho inatulia. Kumbe namba inakwambia aina ya plastiki tu, haikuhakikishii kwamba ndoo hiyo ni ya kuwekea kitu cha kuliwa. Ukienda kwa wauza vifaa vya wagemaji, bei utadhani ndoo zimechovywa dhahabu.

Mwishowe jamaa wa duka la keki akanipa nne bure, tatu zilikuwa za krimu ya kupambia keki. Safi kabisa. Ya nne ilikuwa ya matango ya siki. Nimeisugua kwa magadi, nimeianika siku tatu, bado inanuka! Mke wangu anauliza mwaka huu tunapika shira au achari.