Stima Imepotea

Nilipowaambia nyumbani Mwanza kuwa nimepata nafasi ya kusoma muhula mmoja Kisumu, mjomba aliuliza naenda kusoma nini. Nikasema Kiswahili. Akaweka kikombe chini.

"Mtanzania anakwenda Kenya kusoma Kiswahili? Hiyo si ndiyo kupeleka ndizi Bukoba?"

Watu wakacheka, nami nikacheka nao, maana moyoni nilijua naenda kupumzika. Ziwa ni lilelile, samaki ni walewale, lugha ni yetu. Unapanda basi asubuhi, unavuka Sirari, unapita Migori, unapita Kisii, jioni uko Kisumu. Wenzangu waliopata nafasi Ujerumani walikuwa wananunua makoti. Mimi nilinunua kandambili.

Ndugu zangu, heri koti.

Siku ya kwanza njaa ilinifikisha kwenye kibanda kimoja upande wa Kondele. Nikasubiri zamu yangu, nikamsogelea mama mwenye kibanda kwa adabu zote nilizolelewa nazo.

"Mama, shikamoo. Naomba sato mmoja na ugali, kama yupo."

Shikamoo akaijibu, "Mzuri sana." Halafu akakunja uso. "Sato? Sato si ilipita. Leo ni Jumanne."

Nikadhani huku sato wanapikwa kwa ratiba. Nikamuuliza kwa heshima sato atarudi lini. Akasema Jumamosi, kama kawaida, kisha akamgeukia binti aliyekuwa akiosha sahani, wakatazamana. Ikabidi ninyooshe kidole kwenye karai la mafuta. "Huyo pale."

"Aaa! Ngege!"

Ngege. Kumbe sato kwao ni Jumamosi. Samaki ambaye sitashangaa akiwa amezaliwa Mwanza, akaogelea mpaka huku bila pasi ya kusafiria wala kugongewa muhuri, kumbe njiani ameshabatizwa upya. Sangara nikamkuta anaitwa mbuta. Dagaa, hao ndio usiseme, wanaitwa omena na wana heshima zao. Kenya ina asilimia 6 tu ya lile ziwa, sisi tuna karibu nusu nzima, lakini nenda Dunga pale ufukweni usikilize wavuvi wanavyolizungumzia, utadhani Tanzania tumelikodi. Nilijaribu kumweleza mmoja hesabu hiyo. Akanijibu, "Hiyo sita ndiyo iko na samaki."

Kesho yake asubuhi nikarudi kwa mama yuleyule. "Naomba chai na chapati mbili."

Akanitazama kwa huruma ya kweli. Akaleta chai, akaleta chapati tatu, akainama sikioni mwangu. "Kwani walikuibia kwa basi?"

Nilipotoa pesa alishtuka kidogo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba huku anayeomba ni mwombaji. Mnunuzi anasema "Nipe chai", "Leta chapo mbili", na hakuna anayeona amevunjiwa heshima. Basi wiki nzima nikawa nafanya mazoezi chumbani. Nipe. Nipe. Nipe chai. Mbele ya kioo ilikuwa inatoka vizuri, na jicho nakaza. Nilipofika kibandani ikatoka, "Nipe chai, samahani."

Pesa nazo ni kisanga cha peke yake. Shilingi yao moja inakula kama 20 za kwetu, na kichwa changu kilikataa katakata kuacha kuzidisha. Chapati ya 20 inageuka 400 kabla sijaimeza. Ngege wa 500 akawa 10,000, nikamwangalia yule samaki, naye akaniangalia. Mwezi wa kwanza nilikula hesabu kuliko chakula. Tena wenyewe hawakutajii bei kwa Kiswahili cha mtihani. Dereva wa tuktuk (kwetu bajaji) nilimuuliza mpaka Kibuye ni kiasi gani, akasema, "Finje." Nikauliza finje ndiyo nini. Akasema hamsini, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto. Tulipofika nikamwambia, "Kaka, sina chenji, nina buku tu."

"Buku utasoma ukifika nyumbani. Nipe pesa."

Kwetu buku ni elfu moja. Kwake ni kitabu. Tulibishana dakika tano tukiwa na noti hiyohiyo mkononi.

Ah, na Maseno wamenipeleka. Kuna kibao cha ikweta kando ya barabara ya Busia, kila mgeni lazima apigwe picha ametanua miguu, mmoja kaskazini ya dunia na mwingine kusini. Nikatanua. Mvua ikaninyeshea pande zote mbili.

Tuje darasani, ambako nilitegemea kufufuka. Somo ni Kiswahili, mimi ni wa kutoka Tanzania, kuna nini hapo? Insha ya kwanza niliandika, "Watu wa Mwanza wanapendaga samaki." Ikarudi na duara jekundu kwenye -ga. Nikamfuata mwalimu ofisini.

"Hii -ga ni ya nini?"

"Mwalimu, kwetu tunaongeaga hivyo."

Nikamwona mkono wake unatafuta kalamu nyekundu. Nikaomba radhi, nikaondoka. Sasa kinachoniuma ni hiki: nje ya darasa, wenzangu wote wanasema "mimi huendanga", "sisi hukulanga", wanaweka -nga kwenye kila kitenzi kinachotikisika. Mimi na -ga yangu, wao na -nga yao, sote tumekosea, ila kosa lao limezoeleka hapa na langu limetoka nje ya nchi.

Halafu kuna ngeli. Hawa watu wameimba A-WA, KI-VI, LI-YA, I-ZI tangu shule ya msingi, wanazikariri kama majina ya ndugu zao. Mimi ngeli nazitumia, sijawahi kutambulishwa kwao. Mtihani wa kwanza ukawa wa alama 30. Nikapata 13. Dada mmoja wa Bungoma, ambaye hajawahi kuniambia "njoo" hata siku moja, yeye ni "kuja hapa, Bongo", akapata 27. Darasa zima likageuka kunitazama. Kuna mmoja alinipigia saluti.

Na hakuna anayetaka kusikia kwamba mimi Kiswahili nilikikuta shuleni. Bibi yangu kule Magu anaongea Kisukuma tu. Kiswahili chake ni "karibu" na "bei gani". Mwalimu mwenyewe alitufundisha kwamba Kiswahili sanifu kilitokana na Kiunguja, kamati ya lugha ikaundwa 1930 ikaanza kukinyoosha. Mwanza hatukuulizwa. Kisumu nao hawakuulizwa. Ila nikisema hivyo wananiambia, "Ongea tena, ongea tena, hicho Kiswahili ni kitamu," hawajasikia hata neno moja la hoja.

Huo utamu lakini wanaujulia matumizi. Wavulana wa ploti yetu (nyumba ya wapangaji) wakikosana na wapenzi wao, wananiletea simu nirekodi msamaha. "Mwambie tu hivi na hivi, lakini kwa ile sauti yenu." Narekodi: "Mpenzi, nakuomba radhi, shetani alinipitia." Msamaha mmoja, chapo mbili. Kuna jamaa wa chumba cha juu amekosea mara nne mwezi huu. Kwa kweli ndiye aliyenilisha.

Sasa, hiyo ploti ndiko yalikonikuta ya stima.

Ilikuwa wiki ya pili, saa tatu usiku, taa zikazimika ghafla. Sikujali, umeme kukatika tumeuzoea. Mara nikasikia sauti ya jirani wa mlango wa pili kwenye korido, kwa uchungu kabisa: "Ai! Stima imepotea!"

Mimi ni mtoto wa Mwanza. Stima kwangu ni meli ya mvuke, ndivyo babu alivyoziita mpaka anakufa. Na Kisumu ni mji wa meli: reli ilipofika hapa 1901 palikuwa pakiitwa Port Florence, na hata MV Victoria, ile tunayopanda kwenda Bukoba, iliunganishwa hapahapa ikaanza kazi 1961. Sasa mtu wa kwetu, mwenye kumbukumbu ya MV Bukoba iliyozama ile Mei ya 1996 nyumbani, ukimwambia stima imepotea, unategemea afanye nini? Nilitoka kifua wazi.

"Imepotea saa ngapi?"

"Saa hii tu!"

"Mungu wangu. Ilikuwa na watu wangapi?"

"Watu? Ploti nzima!"

Magoti yakaisha nguvu. Nikashika ukuta. "Ploti nzima? Mbona mimi hamkuniambia kama mnasafiri? Wazamiaji wameitwa?"

Kukawa kimya gizani. "Nimepigia keateka," yaani msimamizi wa ploti, akasema polepole.

"Keateka atafanya nini peke yake?"

"Atacheki tokeni."

Sitaeleza yaliyofuata. Itoshe kusema kuwa mpaka leo taa zikizimika kuna mtu ghorofa ya juu lazima apige kelele, "Bongo! Wazamiaji!" na ploti nzima inaanguka kicheko. Hata keateka, mzee wa watu asiyecheka na mpangaji mwenye deni, anacheka.

Huo ulikuwa mwezi wa kwanza. Sasa ni wa tatu, na mazoea bwana hayabishi hodi. Juzi nilisikia mtu kibandani anasema "Leta ngege, harakisha kidogo," nikageuka kumtafuta huyo asiye na adabu, kumbe ni mimi. Kuzidisha kwa 20 nimeacha. Erokamano, asante ya Kijaluo, naisema bila kufikiri. Ijumaa mama akanipigia kutoka nyumbani, na simu yangu ilikuwa na asilimia mbili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti iko mbali, uko wapi?"

"Niko hapa ziwani, mama, lakini sikiliza, nitakupigia kesho, stima imepo..."

Simu ikazima.

Nilipoiwasha asubuhi nilikuta simu 41 ambazo hazikupokelewa. Mama, dada, mchungaji, mjomba wa ndizi, na namba tatu nisizozijua. Baba mdogo alikuwa ameshakwenda bandarini tangu alfajiri kuulizia orodha ya majina, amegombana na mlinzi. Nikampigia mama, nikamweleza taratibu kwamba stima ni umeme tu, mama, huku umeme unaitwa stima, na kupotea ni kukatika.

Akakaa kimya muda mrefu. Nilisikia jogoo wetu anawika.

"Na hicho Kiswahili ulichoenda kusoma," akasema, "utaanza kukisoma lini?"